Upepo wa Observatory Si Upepo wa Durban

Mwaka 1903 serikali ya Transvaal ilianzisha kituo cha hali ya hewa juu ya mgongo wa mawe ulio mashariki ya katikati ya jiji la Johannesburg, ikamkabidhi Robert Innes, mtu ambaye moyo wake ulikuwa kwenye nyota kuliko kwenye mvua. Haukupita muda mrefu darubini zikaingia, na mwaka 1915 Innes akatangaza kuiona nyota ambayo leo inajulikana kuwa jirani wa karibu kuliko wote wa jua letu, Proxima Centauri. Mtaa uliozunguka kituo hicho ukaitwa Observatory, na jina hilo unalo mpaka leo.

Mgongo huo unafika mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa darubini, hali hiyo ni neema, maana hewa iliyobaki kati ya jicho na nyota ni kidogo. Kwa anayepanda baiskeli ya milimani yenye shokomzoba mbele na nyuma, upungufu huo wa hewa ni jambo la kupigiwa hesabu, kwa sababu baiskeli yake inakaa juu ya hewa mara tatu: kwenye matairi, kwenye foki ya mbele, na kwenye shokomzoba ya nyuma. Kitabu cha maelekezo kinachokuja na baiskeli hakijui unakaa wapi.

Tuanze na matairi, maana ndiyo yanayodanganya zaidi. Kanieneo ya hewa ufukweni ni kilopaskali 101 hivi. Observatory ni kama 82. Tukigeuza kuwa psi, kipimo kilekile anachokisoma fundi wa matairi ya gari, tofauti inakaribia 3. Geji ya pampu haipimi hewa yote iliyomo ndani ya tairi. Inapima ile iliyozidi hewa ya nje. Jaza tairi psi 22 ukiwa Observatory, pakia baiskeli kwenye gari, teremka mpaka Durban. Hakuna upepo uliotoka, lakini geji itasoma 19, kwa kuwa hewa ya nje imekuwa nzito. Ukifanya safari ya kurudi, tairi la psi 22 la Durban litafika Johannesburg likisoma 25. Anayetoka Nairobi kwenda Mombasa ana hesabu inayokaribiana sana na hiyo.

Psi 3 kwenye tairi la gari ni kitu kidogo. Kwenye tairi pana la baiskeli ya milimani lisilo na tyubu, ambalo kazi yake yote inafanyika kati ya psi 18 na 28, ni tofauti ya kupanda ukifurahi na kupanda ukisikia ringi inagonga mawe. Tairi lenye upepo mdogo kupita kiasi hujikunja kwenye kona na laweza kung'oka kwenye ringi. Lenye upepo mwingi hurukaruka juu ya changarawe badala ya kuishika. Kuna waliotoka salama hata likiisha kabisa: Greg Minnaar wa Afrika Kusini alishinda ubingwa wa dunia wa kuteremka mlima mwaka 2013, nyumbani kwao Pietermaritzburg, akivuka mstari huku tairi la nyuma limekwisha upepo, akimtangulia wa pili kwa chini ya nusu sekunde. Yule ni Minnaar. Sisi wengine tununue geji.

Shokomzoba ya nyuma ina tabia nyingine. Nyingi za siku hizi hazina springi ya chuma ndani. Zina chumba cha hewa na pistoni. Kanuni aliyoiandika Robert Boyle mwaka 1662 inatosha kuieleza: ukiibana hewa ibaki nusu ya nafasi yake, msukumo wake huwa mara mbili. Ndiyo maana shokomzoba ya hewa huanza laini na kuzidi kuwa ngumu inapokaribia mwisho. Nayo hubeba zaidi ya uzito wako. Tuseme gurudumu la nyuma lina mwendo wa milimita 130, na shokomzoba yenyewe inabonyea milimita 50. Fremu inafanya kazi ya wenzo, na nguvu inayofika kwenye pistoni ni mara 2.6 ya ile iliyo kwenye gurudumu. Mpandaji wa kilo 80 na mizigo yake, akiweka kilo 48 nyuma, anaifanya shokomzoba ihisi kilo 125 kabla hata hajakutana na jiwe la kwanza. Hapo ndipo psi 150 au 200 zinapotoka.

Kwenye psi 180, zile psi 3 za mwinuko hazisikiki. Kinachosikika ni joto. Johannesburg ya mwezi Julai huamka na nyuzi 4 na mchana hufika 17. Hewa iliyofungwa ndani ya chumba hupanda na kushuka pamoja na halijoto hiyo, na kwa shokomzoba ya psi 180 mabadiliko ni karibu psi 9. Umepimiwa dukani saa saba mchana, baiskeli ikakaa vizuri. Kesho yake saa kumi na mbili alfajiri unaikuta imelegea na unamlaumu fundi. Fundi hana kosa. Pima wakati ule unaopanda, ukiwa umevaa yote unayopanda nayo, pamoja na maji ya mgongoni.

Kupima kwenyewe hakuhitaji shahada. Kwenye bomba la shokomzoba kuna ringi ndogo ya mpira. Isukume mpaka kwenye sili, panda taratibu huku mwenzako akishika usukani, kaa kama unavyokaa njiani, kisha shuka bila kurusha matako. Ringi itakuwa imesogea. Kwa milimita 50 za mwendo, ikisogea 13 hadi 15 upo mahali pazuri nyuma, yaani robo hadi asilimia 30. Mbele punguza: asilimia 15 hadi 20 au zaidi kidogo. Kabla ya kupima, kila ukiongeza upepo mwingi bonyeza kiti mara kadhaa, maana ndani kuna vyumba viwili vya hewa vinavyosukumana, na hewa hugawanyika vizuri pistoni ikishapita katikati yake.

Hapo pampu inawachanganya wengi. Ukiirudisha pampu ili uhakikishe, unakuta psi zimepungua na unadhani kuna uvujaji. Mara nyingi hakuna. Chumba cha hewa ni kidogo, na bomba la pampu limekunywa sehemu ya hewa hiyo ulipolifunga. Ule mlio wa fyuu unapolifungua ni hewa ya kwenye bomba, si ya shokomzoba. Na tafadhali, kompresa ya kituo cha mafuta isiguse kitu hiki. Haifiki msukumo unaohitajika, na ujazo inaorusha kwa pigo moja hauna adabu. Tumia pampu ya shokomzoba, ile ndogo yenye geji ya psi 300.

Upande wa pili wa shokomzoba ni mafuta. Hewa inabeba, mafuta yanatuliza. Yanapita kwenye matundu membamba na kugeuza mruko kuwa joto. Baiskeli za bei rahisi zinazojazana madukani, zenye springi nene ya rangi nyekundu katikati ya fremu, nyingi hazina mafuta hayo. Ukigonga shimo, springi hukurudishia karibu kila kitu ulichoipa, tena kwa wakati usiouchagua. Baadhi zina kibandiko kidogo kinachosema zisitumike nje ya barabara, jambo la ajabu kwa kitu chenye umbo la baiskeli ya milimani. Maoni yangu ni kwamba kwa hela hiyohiyo baiskeli isiyo na shokomzoba yoyote ni salama zaidi na itadumu kuliko hiyo.

Sasa vumbi, na hapa Observatory ina ubaya wake wa pekee. Mgongo wenyewe ni kwatsaiti ya Witwatersrand, mwamba wa miaka karibu bilioni 2.9, na kusini ya jiji kuna vilima vya mchanga uliosagwa na machimbo ya dhahabu. Mchanga huo kwa sehemu kubwa ni kwatsi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatsi ina 7. Chuma cha kisu ni kama 5.5. Majira ya baridi mvua hainyeshi, na Agosti upepo unauinua mchanga wote. Punje moja ikinasa kwenye sili ya foki, kila unapobonyea inakwaruza ngozi ngumu ya bomba, ngozi nyembamba kuliko karatasi. Ikishatoboka, mafuta yanatoka, vumbi linaingia, na bei ya bomba jipya hukufanya ukae chini kwanza.

Dawa yake ni kitambaa laini. Futa mabomba na kingo za sili kila unaporudi, kabla vumbi halijakauka na jasho la mafuta. Usipulizie mafuta ya cheni pale, yanakusanya vumbi. Na mashine ya maji ya msukumo mkubwa, ile inayoosha magari kila kona ya Johannesburg, ielekeze kwenye matairi kama huna budi, ila si kwenye maungio ya fremu. Gololi za maungio hayo hazizunguki kama za kitovu cha gurudumu. Zinacheza nyuzi chache tu, mbele na nyuma, mahali palepale, hivyo grisi haisambai na kila gololi hujichimbia shimo lake. Maji yakiingia humo hayatoki. Inua baiskeli kwa kiti, shusha, inua tena: ukisikia kidude kinagonga, ungio au bushi imechoka. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia, utajua zaidi. Bolti za maungio zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa namba iliyoandikwa kwenye fremu. Mkono wa fundi hodari haujui tofauti ya Nm 12 na 18. Nyuzi za aluminiamu zinaijua.

Kampuni ya RockShox husema miguu ya chini ya foki ibadilishwe mafuta kila saa 50 za kupanda. Kampuni ya Fox husema saa 125 au mara moja kwa mwaka. Kwa vumbi la Agosti ningefuata namba ndogo. Kazi hiyo mtu makini anaweza kujifunza. Kufungua shokomzoba ya nyuma ni jambo lingine. Toa upepo wote kwanza, hata kwa kazi ya kubadilisha sili tu. Na ikiwa shokomzoba imebonyea ikagoma kurudi juu ingawa valvu inasema hamna upepo, usiiguse: kuna msukumo umenaswa ndani, na ukiifungua inaweza kuruka na kumvunja mtu uso. Hiyo ni ya fundi mwenye vifaa vyake.

Breki nazo zina hesabu yake. Mpandaji na baiskeli, kilo 90 kwa pamoja, wakiteremka mita 100 huku breki zimeshikwa, hutoa kilojuli 88 za joto, kiasi cha kuchemsha kikombe kikubwa cha chai, hasa Observatory ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94. Joto hilo linatakiwa kuondolewa na hewa, na hewa ya hapo ni pungufu kwa karibu sehemu mbili za kumi. Basi shika breki kwa nguvu na uachie, usiziburuze mteremko mzima. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia kioevu cha DOT, ambacho hunyonya unyevu kadiri kinavyozeeka. Ukiweka moja mahali pa nyingine, sili zinavimba na breki inakufa, pengine katikati ya mteremko.

Kutoka Observatory kwenda kwenye njia ya Braamfontein Spruit, inayopendwa na wapandaji wa jiji na kupita Delta Park, ni lazima ukate barabara zenye kombi za abiria. Shokomzoba haikusaidii kitu huko. Burry Stander, aliyeshinda mashindano ya baiskeli za milimani ya Cape Epic mwaka 2011 na 2012 pamoja na Mswisi Christoph Sauser, aligongwa na kombi ya abiria akiwa mazoezini Januari 2013, KwaZulu-Natal, akafariki akiwa na miaka 25. Vaa helmeti, ambayo sheria ya Afrika Kusini inaidai barabarani, na taa hata mchana. Kwenye njia za kando ya mto nenda na wenzako, kwa sababu baiskeli hizi zinawindwa na wezi. Kuanzia Oktoba hadi Machi uwe umeshuka mgongoni kabla ya mawingu ya alasiri kukusanyika. Radi za nyanda hizi hazichagui fremu ya kaboni wala ya aluminiamu.

Wengi wetu, iwe Yeoville ambako Kiswahili cha Wakongo kinasikika sokoni, iwe Nairobi au Dar es Salaam, tutazipata baiskeli hizi zikiwa za mtumba. Kabla ya kutoa hela, futa bomba za foki na upitishe ukucha juu yake ukitafuta mikwaruzo. Bonyeza shokomzoba mpaka mwisho usikilize kama mafuta yanabubujika ndani, dalili kwamba hewa imeingia isikotakiwa. Inua kiti usikilize maungio. Uliza lini mafuta yalibadilishwa mara ya mwisho, kisha kaa juu yake na upime ile ringi ya mpira. Muuzaji akikataa usiikalie, rudi nyumbani na hela zako.