Je, Wajua? Flashi Yaweza Kukosa Jedwali la Migawanyo
Flashi, kama zile zichomekwazo katika redio huko Bariadi na vijijini Simiyu, aghalabu hutenga baiti 512 za mwanzo, ambamo mna jedwali la nafasi 4, kila moja ya baiti 16, lielezalo kila mgawanyo waanzia wapi na una ukubwa gani. Hata hivyo jedwali hilo si faradhi: mfumo wa mafaili, mathalani FAT32, waweza kuanza papo hapo mwanzoni, kama ilivyokuwa katika diski laini za zamani, na Windows na Linux zikausoma bila taabu. Ila baadhi ya redio hulitafuta jedwali kwanza, na zisipoliona huikataa flashi iliyo salama kabisa. Basi yastahili ijaribiwe kwenye kompyuta kabla haijatupwa.