Karai la Moto Wakati wa Kufunga

Mpishi wa chipsi akiungua, wenzake husema hakuwa makini. Kazi yangu ni usalama mahali pa kazi, na nikiingia jikoni swali langu la kwanza halimhusu mpishi. Nauliza mafuta ya karai humwagwa saa ngapi, na nani, na hupelekwa wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba humwagwa usiku wakati wa kufunga, yakiwa bado moto.

Chipsi hukaangwa kwenye nyuzijoto 170 hadi 190 hivi, wakati maji huchemka kwenye 100. Isitoshe, mafuta hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Karai lililojaa huchukua saa kadhaa kupoa, na mafuta yakishatolewa motoni hutulia tuli, hayachemki wala hayatoi mvuke, hata ukiyatazama huwezi kujua yana joto kiasi gani. Sasa mtazame kijana aliyesimama tangu asubuhi na anawahi daladala ya mwisho. Anashika masikio ya karai kwa tambara lililolowa. Tambara bichi halikingi kitu, kwa sababu maji hupitisha joto upesi hadi mkononi. Anashtuka na kuyumba, sakafu ina utelezi, na miguuni amevaa kandambili. Mimi sioni uzembe wake hapo. Naona ratiba mbaya, na ratiba hupangwa na mwenye mgahawa.

Mafuta yaachwe karaini, yafunikwe kwa mfuniko wa bati, yachujwe asubuhi. Jiko lisilolala linahitaji karai la pili, moja lipoe wakati jingine linakaanga. Najua ni gharama, lakini kuuguza kidonda cha moto kwa wiki kadhaa ni gharama kubwa zaidi, na anayelipa kwa maumivu si mwenye mgahawa.

Jambo jingine ni viazi vinavyotolewa kwenye ndoo ya maji na kutumbukizwa moja kwa moja. Maji yakizama kwenye mafuta hayo hugeuka mvuke papo hapo na kutanuka zaidi ya mara 1,500, ndiyo maana mafuta huruka hadi usoni. Viazi vichujwe na kukaushwa. Kuku wa barafu ayeyuke kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, karai likishika moto usithubutu kulimwagia maji. Zima gesi, funika, usilisogeze.

Aliyeungua awekwe chini ya maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na saa kabla hajavimba. Dawa ya meno, yai na unga visiguse kidonda: haviponyi, huingiza uchafu na kumsumbua daktari anapotaka kukiona. Kuungua usoni, mikononi au kwenye viungo ni kwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama malengelenge ni madogo.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda mfuko wa kumfidia anayeumia kazini. Mchango hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara. Unayeanza kazi jikoni wiki hii, muulize bosi wako kama amejisajili, na umuulize kabla hujashika karai.