Utangulizi: Magurudumu Mawili, Kazi Tatu

Somo letu ni gari dogo la familia lililopewa injini kali, na mfano wetu ni Volkswagen Golf GTI. Lilipoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1976 lilikuwa na nguvu za farasi 110 na uzito usiofika kilo 900. Toleo la tano, la mwaka 2004, lilifikisha farasi 200 na kuvuka kilo 1,300. Jambo moja halikubadilika: magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta gari, ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya kulisimamisha. Kwa sababu hiyo nimekataa kutenganisha breki na giaboksi, shafti na difu. Zote zinagombania mshiko wa tairi zile zile mbili.

Tuanze na joto. Gari la kilo 1,400 pamoja na dereva, likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, lina nishati ya kilojuli 540 hivi. Lifikishe 140, nishati inakaribia 1,060. Mwendo umepanda kwa asilimia 40, lakini joto la kumezwa na disiki limekaribia kuwa maradufu. Anayeshuka mteremko wa Kitonga au wa Mai Mahiu akikanyaga breki mfululizo huisikia hesabu hii mguuni: pedali inalainika, kisha inazama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kirahisi, kwa hiyo nguvu ya mguu haifiki kwenye pedi.

Wengi hukimbilia disiki za milimita 345 za Golf R32 zichukue nafasi ya zile za 312 za GTI la toleo la tano. Ni spea nzuri, nami nazipenda. Lakini faida yake ni kuhimili joto la kusimama mara nyingi mfululizo. Katika kusimama kwa ghafla mara moja, tairi ndiyo inayoamua, maana breki za kawaida zilizo nzima tayari zina nguvu ya kuifikisha kwenye kikomo cha mshiko. Kabla ya kununua, shika mpira wa breki karibu na kichwa chake cha chuma, uupinde taratibu, umulike tochi. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, pesa yako ianzie hapo.

Upande wa difu una uzuri wake. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa, kwa hiyo gurudumu la ndani ya kona likianza kuteleza, la nje nalo linakosa msukumo. Dawa ya zamani ni difu ya kubana, inayofanya kazi yenyewe. Golf GTI la toleo la sita lilikuja na njia nyingine iitwayo XDS: kompyuta hulifunga breki kidogo gurudumu la ndani, nguvu ikaenda kwa la nje. Hapo breki zinafanya kazi ya difu! Fundi akiletewa gari la namna hiyo lenye pedi za mbele zinazoisha upesi, amuulize mwenye gari anavyokata kona.

Kuhusu giaboksi ya DSG ya gia sita, ile yenye klachi mbili zinazooga kwenye mafuta, nasema moja tu kwa sasa: mafuta na chujio lake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Kama umenunua gari la mtumba kutoka Japani na halikuja na kumbukumbu za matengenezo, hesabu kwamba kazi hiyo haijafanywa, uifanye kabla hujafikiria kuiongezea injini nguvu.

Kwa sura tatu za mwanzo utahitaji jeki, stendi mbili na tochi. Spea tutaanza kununua kwenye sura ya nne.