Stenti ya moyo: kwa nini dawa haziachwi ukisharudi Butembo ao Beni

Watu wa Butembo na Beni wanaokwenda Kampala si wafanyabiashara tu. Kuna pia wagonjwa wa moyo. Wanapita Kasindi, wanavuka Mpondwe, wanafika Kasese, kisha wanaendelea hadi Mulago, pahali penye Taasisi ya Moyo ya Uganda, ao katika hospitali zingine za muji ule. Wengine wanarudi na stenti ndani ya moyo. Jamaa inafurahi, majirani wanakuja kusalimia, na mugonjwa mwenyewe anasikia nguvu zimerudi. Lakini bado kuna hatari moja ambayo wengi hawaijui: bonge la damu linaweza kufunga ile stenti.

Stenti ni kitu gani?

Moyo unasukuma damu katika mwili muzima, lakini wenyewe pia unahitaji damu. Inaletwa na mishipa midogo, yenye upana wa milimita 3 ao 4 hivi. Kwa miaka mingi mafuta yanajipanga ndani ya mishipa hiyo na njia inakuwa ndogo, zaidi kwa mwenye tansio, mwenye ugonjwa wa sukari ao anayevuta tumbako. Siku mafuta hayo yanapopasuka, damu inaganda juu yake. Bonge linafunga njia, na sehemu ya moyo iliyokosa damu inaanza kufa. Ndilo shambulio la moyo.

Ili kufungua njia, munganga anapitisha mupira mwembamba kuanzia kwenye mukono ao kwenye kinena hadi moyoni. Puto dogo linapanua mushipa, kisha wavu mudogo wa chuma unabaki pale kuushikilia. Wavu huo ndio stenti. Munganga Andreas Grüntzig alipanua mushipa wa moyo kwa puto mara ya kwanza Zürich, Uswisi, mwaka 1977. Stenti ya kwanza katika moyo wa mutu iliwekwa Toulouse, Ufaransa, mwaka 1986. Kifua hakipasuliwi, na mugonjwa anatoka hospitali kisha siku chache. Ndiyo maana wengi wanafikiri kazi imekwisha.

Kwa nini damu inaganda pale?

Damu ina chembe ndogo zenye kazi ya kuziba kidonda. Ukijikata na kisu, ni zenyewe zinakimbia kufunga. Kwa chembe hizo, chuma kipya ndani ya mushipa ni sawa na kidonda: zinakikusanyikia. Polepole mwili unafunika chuma kwa ngozi nyembamba, na hatari inapungua. Lakini hiyo inaomba majuma, na kwa stenti zilizopakwa dawa, miezi.

Stenti hizo za dawa zilianza kutumiwa Ulaya mwaka 2002, ili kovu lisikue na kufunga njia tena. Mwaka 2006, katika mukutano wa waganga wa moyo kule Barcelona, wasiwasi ukapanda: ile dawa inayozuia kovu inachelewesha pia kufunikwa kwa chuma, na bonge linaweza kutokea hata kisha mwaka. Stenti za leo ni bora kuliko zile, lakini kanuni ilibaki: mwenye stenti anakunywa dawa mbili pamoja, aspirini na mara nyingi klopidogreli. Kisha shambulio la moyo, kawaida ni miezi 12. Kwa yule aliyewekewa bila shambulio, miezi 6 hivi. Halafu anabaki na moja, mara nyingi aspirini. Anayekata muda ni munganga wa moyo.

Stenti kufunga haitokei kwa wengi, na mwezi wa kwanza ndio wa hatari zaidi. Lakini ikifunga, ni shambulio kubwa, na wengi hawaponi.

Mambo yanayoweza kukatisha dawa huku kwetu

Kwanza, kusikia vizuri. Mutu hana maumivu, anasema: dawa za nini tena, afazali pesa ziende kwa minervali ya watoto. Dawa hizi hazitulizi maumivu, zinazuia bonge. Hautasikia kazi yake, utasikia ukiziacha.

Pili, barabara. Njia ya Beni–Kasindi imeshambuliwa mara nyingi na waasi wa ADF, magari yakachomwa. Usingoje kidonge cha mwisho ndipo utume mutu Kampala. Mbele ya kuvuka kurudi, nunua za miezi kadhaa, na andika jina la dawa yenyewe, si jina la kwenye boksi tu, ili mwenye farmasi wa hapa aitambue.

Tatu, jino ao upasuaji. Mwambie munganga kwamba una stenti mbele hajaanza. Asiache dawa zako bila kuzungumza na aliyekutibu. Kwa jino, mara nyingi damu inazuiliwa pale pale bila kuacha kitu.

Ine, dawa za kujinunulia. Ibuprofeni inaweza kuharibu kazi ya aspirini, na diklofenaki inaongeza hatari ya moyo na ya kutokwa damu tumboni. Omeprazoli, ambayo wengi wanaikunywa kwa vidonda vya tumbo, inapunguza nguvu ya klopidogreli, uliza ubadilishiwe. Ukiona choo cheusi ao damu isiyokoma, usiache dawa wewe mwenyewe: nenda hospitali siku ile ile.

Alama za kukimbilia hospitali

Kifua kizito sawa mutu amekukalia, maumivu yanayokwenda mukononi ao kwenye taya, jasho la baridi, pumzi fupi. Kwa wanawake na wenye sukari, inaweza kuwa pumzi fupi tu ao tumbo linaloonekana sawa la vidonda. Ikipita dakika 10, usingoje asubuhi. Tafuna aspirini ya miligramu 300, kama haikukatazwa, na usiendeshe moto wewe mwenyewe. Ukifika, neno la kwanza liwe hili: niko na stenti, niliwekewa tarehe fulani. Karatasi ya hospitali iliyokuwekea itembee nawe, na mutu mumoja wa nyumbani ajue pahali iko.