Sindano ya kuzalisha ngombe: inafanya nini ndani ya kifuko cha yai?

Ngombe wawili wanapata sindano moja, siku moja. Mumoja anashika mimba, mwengine hapana. Juu ya nini? Huku kwetu Kivu, vita na wizi vimepunguza ngombe sana, na kila franga yenye koperative inatoa kwa sindano sherti ilete ndama. Tueleze mambo haya polepole.

Kifuko na maji yake

Ngombe jike iko na ovari mbili. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana, kila kimoja na yai lake. Katika muzunguko wa siku karibu 21, vifuko vinakua kwa makundi mawili ao matatu. Katika kila kundi, kimoja kinapita vingine, na vile vingine vinakufa. Kile cha mwisho kinapasuka na kutoa yai.

Kifuko kinajaa maji, na yai linakomaa ndani ya maji yale. Sehemu kubwa ya maji inatoka katika damu, sawa vile maji ya ndizi yanachujwa mbele ya kuwa kasiksi: vitu vidogo vinapita, vikubwa vinabakia. Proteini yenye kuwa mingi zaidi mule ni albumini, ileile ya damu. Zingine zinatengenezwa na kuta za kifuko. Kwa hiyo ngombe mwenye njaa, damu yake inabadilika, na maji ya kifuko pia.

Homoni inabadilisha nini?

Kwa kawaida homoni FSH inapunguka katika damu, ndiyo maana kifuko kimoja tu kinaendelea. Muganga wa nyama akiipiga mara mbili kwa siku, siku karibu 4, vifuko vingi vinaendelea pamoja. Namna hii inatumiwa kwa ngombe bora wenye kutolewa vitoto vichanga ili viwekwe katika ngombe wengine. Lakini vifuko vile havilingane, na maji yake hayafanane. Mayai mengine hayakomae vizuri. Mayai mingi haimaanishe ndama mingi.

Kisha homoni LH inapanda. Kuta za kifuko zinalegea, proteini za damu zinaingia zaidi, na zinasaidia utando wenye kuzunguka yai uvimbe na kuliachilia.

Sindano ya koperative si ile

Katika kampeni za kupandisha ngombe wengi pamoja, mara mingi tunatumia prostaglandini. Hii haiongeze mayai. Inaondoa tu kile kitu cha manjano chenye kinabakia katika ovari kisha yai kutoka, na ngombe anaingia joto kisha siku 2 mpaka 5. Ngombe mwenye kukonda sana, ovari yake imelala: sindano haitamwamusha.

Hatari kubwa ni hii: ngombe mwenye mimba akipigwa prostaglandini, anaweza kutupa mimba. Dawa hii inapita hata katika ngozi ya mutu. Mwanamuke mwenye mimba na mutu wa pumu wasiiguse hata kidogo.

Tufanye nini?

1. Tuanze kulisha vizuri miezi 2 ao 3 mbele ya kampeni: majani mazuri, majani ya jamii ya maharagi, munyu na maji ya kutosha. Kifuko kinaomba zaidi ya miezi 2 ili kikomae; chakula cha juma moja kinachelewa.
2. Muganga apime mimba ya kila ngombe mbele ya sindano. Mwenye mashaka, asipigwe.
3. Ngombe akionyesha joto asubui, mbegu itiwe mangaribi. Akionyesha mangaribi, itiwe kesho yake asubui.
4. Tuandike katika daftari siku ya sindano, siku ya joto na siku ya mbegu. Kisha siku 21 tuangalie kama joto limerudia.

Koperative yenye inapanga kununua dawa, ipange kwanza siku ya kupima ngombe wote. Wenye kukonda wangojee kampeni yenye kufuata, wakiendelea kulishwa.