Maji Yatafika Wapi? Ramani na Afya Yetu Wakati wa Mafuriko

Mafuriko yakitokea sisi wauguzi huuliza kwanza: watu wako wapi, na njia ipi bado inapitika?

Kuweka ugonjwa kwenye ramani ni jambo la zamani. Mwaka 1854 daktari John Snow alitia alama kwenye ramani ya Soho, London, palipotokea vifo vya kipindupindu. Alama zilisongamana karibu na pampu moja ya maji, ile ya Broad Street, ambayo mpini wake uliondolewa mwaka huohuo.

Hapa kwetu mfano mzuri ni Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na baadhi ya waliokuwa wakiishi mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, walipita mitaani pamoja na wenyeji wakiandika nyumba, njia, mitaro na vituo vya afya. Wenyeji waliulizwa pia maji ya miaka iliyopita yalifika wapi, na hilo kwa maoni yetu ndilo lenye thamani kuliko yote. Picha zilipigwa kutoka juu kwa ndege ndogo zisizo na rubani.

Kompyuta hupewa mwinuko wa ardhi, ukubwa wa mitaro na wingi wa mvua, nayo hukisia maji yatapita wapi. Programu kama InaSAFE, iliyoanzia Indonesia kwa ushirikiano na Australia, huhesabu watu na nyumba zitakazofikiwa. Ila kisio ni kisio. Mtaro uliojaa takataka haupitishi maji kama ulivyoandikwa, na chumba kilichojengwa mwaka jana hakimo katika ramani ya zamani.

Kwetu faida huonekana hasa maji yakishapungua. Ukijua vyoo vipi vilizama na visima vipi viko chini yake, unajua maji yapi yasinywewe kabla ya kuchemshwa au kutiwa dawa. Kipindupindu kikali huweza kuua kwa saa chache mgonjwa asiporudishiwa maji mwilini. Kwa hiyo ni lazima kujua mapema kambi ya matibabu iwekwe ng'ambo ipi ya mto. Barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa mara nyingi kwa sababu ya maji, na hapo zahanati iliyo jirani kwenye karatasi huwa mbali sana.

Hata hivyo ramani haionyeshi ndani ya nyumba kuna mama aliyekaribia kujifungua, au mzee anayetumia dawa za kifua kikuu kila siku. Hayo anayajua mjumbe, na wanajumuiya wenzenu. Wapimaji wakipita kwenu, waonyesheni alama ya maji ukutani, na choo pia, msione haya. Dawa za kila siku na kadi ya kliniki zifungeni pamoja katika chombo kisichoingiza maji, mziweke juu, mahali mtu anapoweza kuzipapasa usiku bila taa.