Mzaha Unaotaka Hesabu: Jazi ya John Sangster wa Sydney

Katika Afrika Mashariki neno jazi huwakumbusha wengi muziki wa dansi na bendi kama Dar es Salaam Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1932, au Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Jazi tunayoizungumzia leo ni ile iliyoasisiwa na Wamarekani weusi, ambayo mjini Sydney, Australia, ilimpata mtunzi aliyependa kuwachekesha watu bila ya kutamka neno.

John Sangster alizaliwa Melbourne mwaka 1928 na kufariki dunia mwaka 1995. Alipiga tromboni, korneti na ngoma, kisha akahamia kwenye vibrafoni, ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa kwa vijiti, ambayo twaweza kuiita ndugu wa marimba. Mwaka 1973 alitoa The Hobbit Suite, tungo zilizotokana na kitabu cha J.R.R. Tolkien kuhusu watu wafupi wenye miguu ya manyoya na mapenzi makubwa ya chakula.

Je, ala huchekesha vipi? Mzaha wa muziki hutegemea matarajio. Mpiga ngoma hodari huchelewesha pigo moja tu, mchezaji akabaki na mguu hewani, na watazamaji wakaangua kicheko. Katika jazi, tromboni huweza kuburura sauti kama mlevi arudiye nyumbani, huku wenzake wakiendelea kwa adabu zote kana kwamba hawamwoni. Lakini ni lazima mlevi huyo afike mlangoni kwa wakati! Katika kundi dogo hakuna pa kujificha: mmoja akipoteza hesabu, msikilizaji hasikii mzaha bali kosa. Hata Thelonious Monk na wenzake, mjini New York mwaka 1956, walishindwa kuupiga utungo wake Brilliant Corners kwa ukamilifu hata mara moja. Ulitolewa kwa kuunganisha vipande.

Sangster alijiongezea ugumu mwingine. Siku hizo mashabiki wa jazi ya zamani na wale wa jazi mpya hawakupikika chungu kimoja. Yeye, aliyepita katika bendi ya Graeme Bell ya mtindo wa zamani na baadaye kwa Don Burrows, aliichanganya mitindo yote katika tungo zake za Tolkien. Aliyefuata vichekesho vya mtindo wa New Orleans alijikuta akisikiliza muziki aliokuwa akiukwepa.